Bendi ya WITCH ya Zambia: ilizama na shaba, si na disko

Kandambili (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Kila nikikutana na habari za WITCH nakuta maelezo yale yale: vijana wa Zambia walipiga roki kali miaka ya 70, disko likaingia, mashabiki wakahama, bendi ikafa. Basi. Utadhani muziki ni nguo, msimu ukiisha unatupa. Mimi nasema bendi ile ilijengwa na shaba, na shaba ilipoanguka ikaondoka nayo. Disko lilikuta matanga yameshaanza.

Kwa wasiowajua: WITCH ni bendi ya Kitwe, mji wa migodi kule Copperbelt, ukanda wa shaba. Jina walilifumbua wenyewe, We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuleta vurugu. Mwimbaji wao Emanuel Chanda aliitwa Jagari, jina la Mick Jagger wa Rolling Stones lililopewa mwisho wa Kiafrika. Gitaa la solo Chris Mbewe, rithim John Muma, besi Gedeon Mulenga, dramu Boidi Sinkala, kinanda Paul Mumba. Santuri yao ya kwanza, Introduction, hutajwa kuwa miongoni mwa LP (santuri ndefu, albamu nzima) za mwanzo kabisa za bendi ya Kizambia. Walijigharamia wenyewe, wakawa wanaiuza kwenye maonyesho yao kama mtu anavyouza karanga. Ndani ya takribani miaka mitano wakatoa LP tano. Muziki wa aina yao ndio uliokuja kuitwa Zamrock.

Sasa jiulizeni: kwa nini Kitwe? Kwa nini si kijiji fulani kando ya Zambezi? Kwa sababu Kitwe kulikuwa na mshahara. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na mali moja tu ya maana. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni zilitoka kwenye shaba. Mchimbaji analipwa mwisho wa mwezi, ananunua redio, ananunua santuri, Jumamosi anaingia ukumbini. Mdogo wake anasikiliza Hendrix na Deep Purple, anatamani gitaa la umeme, na duka linalo. Hapo ndipo bendi huzaliwa.

Halafu Aprili 1974 bei ya shaba duniani ikafika kileleni, na kabla mwaka haujaisha ikawa imeshuka chini ya nusu. Chini ya nusu, wakuu, ndani ya miezi! Nchi ikakosa fedha za kigeni, na gitaa, nyuzi, vipaza sauti, hata malighafi ya santuri, vyote huagizwa kwa fedha za kigeni.

Jagari aliondoka mwaka 1977 akaenda kusomea ualimu. Mwimbaji maarufu kuliko wote nchini anachagua chaki! Waliobaki wakaingia kwenye disko. Hiyo ndiyo hoja yangu, karibuni mnishambulie.

---

Nafuatilia

Nimekaa pale. Endeleeni.

---

BintiSanturi

Mkuu Kandambili, umeandika vizuri, lakini hesabu yako ina tobo.

Unasema shaba ilianguka 1974. Sawa. Lazy Bones!! ya WITCH, ambayo wengi tunaihesabu kuwa kazi yao kubwa, ilitoka lini? 1975. Africa ya Amanaz, bendi nyingine ya Zambia? 1975. Wings of Africa ya Musi-O-Tunya, nao Wazambia? 1975. Yaani mwaka ambao kwa hoja yako ulipaswa kuwa wa kilio ndio mwaka ambao Zamrock ilichanua kuliko wakati wowote. Ungeniambia anguko la shaba ndilo lililowaamsha ningekuelewa haraka zaidi.

Kingine, umeisahau redio. Rais Kaunda, ambaye mwenyewe alipiga gitaa na kuimba mbele ya watu, alitoa agizo kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Hebu fikiria uko kijana na bendi yako, halafu serikali inaiambia redio: pigeni wa kwetu. Bendi zilihitajika hata kabla hazijaiva. Hilo nalo ni shaba?

---

Hapana_Kabisa

Samahani kwa kuharibu sherehe. Vijana wamevaa suruali pana chini, wanaimba Kiingereza, mwimbaji kajipa jina la Mwingereza, halafu tunaita "muziki wa Kizambia"? Redio ikaamriwa asilimia 95 ya nyumbani, wao wakapeleka nakala ya London. Ujanja huo.

---

Solo_Kavu

@Hapana_Kabisa mkuu, umesikiliza au umesoma tu?

Mimi ni mpiga gitaa, nimelelewa na dansi. Kwenye dansi tunafundishwa usafi. Solo ana njia yake, gitaa la pili lina yake, rithim ana yake, besi anatembea chini, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ukisikiliza unaweza kunyoosha kidole: huyu, huyu, na huyu. Sauti ya gitaa inang'aa kama kijiko.

Siku ya kwanza kusikia Lazy Bones!! nilidhani spika yangu imechanika. Chris Mbewe anatumia fazi, kile kisanduku cha mguuni kinachoibana sauti ya gitaa hadi ipasuke, ikae muda mrefu ikivuma kama nyuki ndani ya kopo. Juu yake anaongeza wa-wa, ule mkanyagio unaofanya gitaa lifungue na kufunga mdomo. Kinanda kinajaza nyuma. Kuna mahali wimbo unaacha kwenda mbele, unaanza kuzunguka, unazunguka, mpaka unasahau mstari wa kwanza uliimba nini. Hiyo ndiyo saikedeliki: muziki uliokusudiwa kukulevya bila kunywa.

Lakini sikiliza dramu. Boidi Sinkala hapigi kama Mwingereza. Mkono unagawa mdundo kwa namna ambayo mtu wa kwetu anaanza kutikisa bega kabla hajaamua. Ukiondoa magitaa ukabaki na dramu na besi, ungeweza kuwapelekea watu wa dansi wakacheza. Nakala ya London haifanyi hivyo.

Usafi wenyewe, nakiri, hawakuwa nao. Kuna mahali gitaa na kinanda havikubaliani kabisa juu ya nota. Mimi hupenda hivyo hivyo.

---

Hapana_Kabisa

Nimesikiliza wimbo mmoja na nusu. Dramu nakubali. Kiingereza bado kinanikera.

---

Kandambili

Kiingereza kina sababu yake. Zambia ina lugha zaidi ya 70. Migodini watu walitoka kila pembe, na ukiimba Kibemba unaambiwa umeimbia wa kaskazini, ukiimba Kinyanja umeimbia wa mashariki na Lusaka. Kiingereza hakikuwa cha kabila la mtu. Sisi tuliozoea Kiswahili kuwa cha wote tunasahau kwamba jirani zetu hawakuwa na hiyo bahati.

Na si wote walioimba Kiingereza. Mtafuteni Paul Ngozi na kundi lake Ngozi Family. Huyo aliimba Kinyanja sana, akawaimbia watu wa kawaida mambo ya ndoa, pombe, ujinga wa mjini. Alipiga gitaa kwa meno. Alipofariki mwaka 1989 alikuwa ameshapendwa na watu ambao hata neno roki hawalitumii.

---

Kijana_wa_Juzi

Ngozi Family ndio walionileta huku! Mwaka 2024 mwanarap wa Marekani Tyler, The Creator alitoa wimbo Noid, ndani yake kuna sauti za watu wanaimba "nizakupanga ngozi". Nikasema hawa wanaongelea ngozi ya mtu au ngozi ya ng'ombe? Nimezunguka siku mbili mtandaoni.

---

BintiSanturi

Kijana, usitafsiri kwa Kiswahili utapotea. Ngozi ya Kinyanja ni hatari, ajali. Jamaa alijiita Hatari, hakujiita Ngozi ya Ng'ombe.

---

Kijana_wa_Juzi

😂😂 Na mimi nimeshawaambia wenzangu ni wimbo wa mafundi viatu.

---

Mzee_wa_Kapiri

Wanangu, nimesoma yote. Ngoja na mimi niseme kidogo, ingawa muziki wenyewe sikuujua.

Nilikuwa fundi wa mabehewa wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Nilipelekwa Kapiri Mposhi mwaka 1977, nikakaa miaka mitano. Hiyo shaba mnayoisema hapa nimeiona kwa macho, mabamba yamefungwa kwa mikanda ya chuma, yakisubiri kwenda Dar es Salaam, kilomita 1,860. Na mkumbuke kwa nini yalipitia huko. Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, ilifunga mpaka mwezi Januari 1973. Njia ya reli ya Benguela kupitia Angola ikafa 1975 kwa vita. Zambia ilizungukwa. Kwa hiyo shaba ilikuwa na bei mbaya na njia mbaya kwa pamoja. Mleta uzi hilo la njia hakuliandika.

Maisha ya pale nitawaambia kwa neno moja: foleni. Foleni ya mafuta ya kupikia, foleni ya sabuni. Ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza, kinachouzwa utakijua ukifika mbele. Mke wangu siku moja alipanga foleni kwa saa tatu akarudi na chupa ya siki. Sasa katika hali hiyo mnaniuliza kwa nini watu waliacha kununua santuri?

Usiku ndiyo usiseme. Vita vya Rhodesia vilivuka mpaka. Ndege zao zilipiga makambi ndani ya Zambia mwaka 1978, na Aprili 1979 makomando wao waliingia Lusaka kwenyewe wakaivunja nyumba ya Joshua Nkomo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Zimbabwe. Taa zilizimwa, kutembea usiku ikawa matatizo. Bendi ya usiku inaishije bila usiku?

---

Solo_Kavu

Shikamoo mzee. Hilo la usiku ni zito kuliko tunavyolichukulia. Jagari amesimulia kwamba siku zao nzuri onyesho lilianza saa moja jioni hadi saa nane usiku. Saa saba za kupiga! Ndiyo maana nyimbo zile zinazunguka na kuzunguka, zililelewa na saa nyingi. Baadaye, kwa sababu ya kuzimwa taa na amri za usiku, bendi zikaanza kupiga mchana. Jaribu kupiga muziki wa kulevya saa nane mchana, jua linaingia dirishani, kila mtu anauona uso wa mwenzake. Nimepiga harusi za mchana, najua nachosema. Watu hukaa.

---

Mzee_wa_Kapiri

Marahaba mwanangu.

---

Kandambili

Mzee wangu, nashukuru, hilo la njia na la usiku nalipokea kwa mikono miwili.

@BintiSanturi, swali lako la 1975 limeninyima usingizi kidogo. Jibu langu ni hili. Magitaa yaliyolia mwaka 1975 yalinunuliwa kabla. Vipaza sauti vilikuwa vimeshafika. Wachimbaji hawakufukuzwa siku bei iliposhuka London. Serikali ilikuwa imeshachukua asilimia 51 ya migodi tangu mageuzi ya 1969, ikawa inakopa ili mambo yaonekane yanaendelea. Kwa hiyo bendi ziliendelea kwa nguvu ya mwaka juzi, kama baiskeli uliyoacha kukanyaga kwenye mteremko. Ukiwa juu yake unaona uko kasi kuliko jana.

Na isikilizeni Lazy Bones!! mkiilinganisha na Introduction. Ile ya kwanza ni vijana wamefurahi kuwa bendi. Hii ya 1975 ni nzito, ina kiza.

---

BintiSanturi

Hapo kwenye kiza unanisogezea magoli, mkuu. Kiza unaweza kukisikia popote ukishajua mwaka. Lakini la baiskeli nakupa.

Nikuongezee jambo ambalo linasaidia hoja yako ingawa hustahili: viwanda. Bendi nyingi za Zambia zilitegemea Nairobi. Huko ndiko kulikuwa na studio na mitambo ya kutengenezea santuri. Musi-O-Tunya, ambao jina lao ni lile la maporomoko, moshi unaonguruma, waliishi Kenya na kurekodi huko. Kwa hiyo hata santuri "ya nyumbani" ilikuwa na safari na fedha za kigeni ndani yake. Fedha zikikauka, safari inakufa, na anayebaki na nguvu ni mwenye mashine ya kunakili kanda. Kanda bandia zilimaliza wanamuziki wengi kuliko disko.

Halafu jambo moja linanichekesha. Wewe kwenye kichwa cha uzi umeandika "ilizama". Unajua WITCH wa baadaye, wale wa disko bila Jagari, waliipa santuri yao moja jina gani? Kuomboka. Ni sherehe ya Walozi, mfalme wao Litunga anapohama kutoka bonde lililofurika kwenda nchi kavu. Maana yake ni kutoka majini.

---

Kandambili

😂 Nimenyoosha mikono. Kichwa siwezi kukibadilisha sasa, moderata ataninunia.

---

Hapana_Kabisa

Mbona mnaliogopa disko kama ugonjwa? Nimesikiliza hao wa Kuomboka. Kinanda cha Patrick Mwondela kiko safi sana. Labda watu walitaka tu kucheza baada ya foleni ya siki.

---

Solo_Kavu

Sentensi ya kwanza ya maana kutoka kwako tangu uzi uanze.

---

BintiSanturi

Umetaja ugonjwa bila kukusudia, na hapo ndipo uzi huu ulikuwa unakwepa. Ukimwi. Kisa cha kwanza Zambia kilitangazwa mwaka 1984, na miaka iliyofuata uliingia kwenye bendi kama moto kwenye nyasi kavu. Hesabuni majina aliyoyaorodhesha Kandambili pale juu. Mbewe, Muma, Mulenga, Sinkala, Mumba. Wote wamekufa. Katika wale wa mwanzo aliyebaki hai ni Jagari peke yake.

Shaba inaeleza kwa nini bendi iliacha kufanya kazi. Haielezi kwa nini haikuweza kurudi. Bendi nyingi duniani huvunjika kwa njaa, zikarudi baada ya miaka 20 zikiwa na vitambi, zikapiga nyimbo za zamani, watu wakalia. Hawa hawakuwa na mtu wa kumpigia simu.

---

Nafuatilia

Dah.

---

Kandambili

Dada, hapo sina cha kupinga. Nilikuwa naandika habari za uchumi nikasahau watu.

---

Kijana_wa_Juzi

Sasa Jagari alifanya nini miaka yote hiyo?

---

BintiSanturi

Alifundisha muziki, baadaye akaingia kuchimba vito. Ndiyo, mwimbaji wa bendi iliyolelewa na migodi akaishia shimoni mwenyewe, na sululu, akitafuta mawe. Huku nyuma watu wa Ulaya na Marekani wakawa wanauziana santuri za WITCH kwa bei za kutisha, na yeye hana habari. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 lebo ya Now-Again ya Los Angeles ikazitoa upya. Kisha Mwitaliano Gio Arlotta akamfuata Zambia na kamera, filamu ikatoka 2019. Vijana wa Uholanzi, Jacco Gardner kwenye besi na Nic Mauskovic kwenye dramu, wakawa bendi yake mpya. Mwaka 2023 wakatoa Zango, wamerekodi Lusaka, humo yumo mwanarap Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia. Na kwenye kinanda, @Hapana_Kabisa shika moyo, ni yule yule Patrick Mwondela wa disko. Mwaka 2025 wakaongeza nyingine, Sogolo.

---

Hapana_Kabisa

Nilisema mimi. Disko halikuua mtu.

---

Kandambili

Zango nimeisikiliza mara nne. Niseme ukweli? Ni nzuri, lakini ni ya watu wanaojua WITCH walikuwa nani. Imepigwa safi, kila fazi iko mahali pake. Wale wa 1975 hawakujua wanafanya Zamrock, walidhani wanapiga roki tu, na mikono yao ikawasaliti. Hilo huwezi kulirudia ukishaambiwa.

---

Solo_Kavu

Sikubaliani. Sauti ya Jagari imezeeka vizuri, imekuwa na mchanga. Mzee wa miaka 70 na zaidi anaruka jukwaani wewe unamlalamikia fazi. Tutafungua uzi mwingine.

---

Mzee_wa_Kapiri

Wanangu, jana mjukuu wangu ameniwekea hiyo ya 1975 kwenye simu. Nimeisikiliza yote, pande zote mbili.

Huo muziki niliusikia. Jirani yetu wa Kapiri alikuwa na gramafoni, kila Jumapili asubuhi ukuta mzima unavuma, na mimi nilikuwa nikigonga ukuta kwa spana nikimwambia spika yake mbovu, apeleke kwa fundi.